Risala ya Wanafunzi wa Maabara ya Fangasi wa Baharini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Sifongo, wanyama wa baharini wenye vitundu, wanaolimwa na akina mama wa Jambiani, Zanzibar, huishia bafuni kama vifaa vya kuogea. Sisi tunawataka sifongo kwa sababu ya wapangaji wao: fangasi waishio ndani ya miili yao, ambao kemikali zao huenda zikazaa dawa. Sefalosporini, dawa za kuua bakteria, zilianzia kwa fangasi aliyepatikana mwaka 1945 baharini Cagliari, Sardinia, karibu na bomba la maji taka. Katika sifongo wa Mediterania, Ircinia fasciculata, alipatikana fangasi Penicillium chrysogenum aliyetoa kampaundi mpya, sorbisilaktoni A.

Mheshimiwa, kazi hii huharibikia mwanzoni. Sifongo huchuja maji mchana kutwa, hivyo hunasa hata spora, yaani mbegu za fangasi, za nchi kavu. Tunamwosha kwa maji ya bahari yaliyotakaswa, tunamchovya kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hadi 60, tunamwosha tena, kisha tunakata kipande cha ndani. Akikaa mno, ethanoli hupenya vitundu na kuua haohao tunaowatafuta. Maji ya mwisho ya kuoshea nayo tunayapanda. Yakiota fangasi yuleyule, hatumhesabu kuwa mkazi.

Kipande huwekwa kwenye sahani, juu ya ageri ya kimea (chakula kilichoganda cha kuoteshea fangasi) iliyochanganywa na maji ya bahari na kloramfenikoli gramu 0.2 kwa lita, ya kuzuia bakteria, kwenye nyuzi 25. Sahani zisitupwe baada ya wiki moja! Wanaowahi kuota mara nyingi ni wale wanaojulikana tayari.

Fangasi aliyetengwa tunamlisha wali: mchele gramu 100, maji mililita 110, chumvi ya bahari gramu 3.5, vyote vikiisha kupikwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu) nyuzi 121 kwa dakika 20. Anakaa siku 30 bila kutikiswa. Tunakamua kemikali zake kwa kiyeyushi ethili asetati, kisha mafuta tunayaondoa kwa kiyeyushi kingine, heksani. Chupa moja ya wali mtupu hupitishwa njia hiyohiyo, kwani mchele nao una kemikali zake.

Kabla ya kutenganisha chochote tunapima uzito wa molekuli na kuulinganisha na hifadhidata ya kampaundi zinazojulikana. Anayeruka hatua hii humaliza miezi akigundua kilichokwisha kugunduliwa.

Ombi letu ni moja: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ya kuhifadhi fangasi ndani ya gliseroli, kimiminika kinachowakinga wasife kwa baridi. Wakihamishwa sahani hadi sahani, baadhi huacha kutengeneza kampaundi iliyotuvutia.

Tunaomba kuwasilisha.