Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kwenda Yellowstone na Bastola

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wa Minneapolis, huko Minnesota. Uliuliza swali fupi katika kundi la familia, ukataja hofu ya dubu: je, mtu mwenye kibali anaruhusiwa kutembea na bastola ndani ya hifadhi ya taifa? Ningeweza kukujibu kwa neno moja, nalo ni ndiyo. Nimeona afadhali nikuandikie kwa urefu na hadharani, kwa kuwa vijana wetu wengi walioko Marekani wamenunua bastola, wamependa kupanda milima, na jibu hilo la neno moja wamelipata kwa muuza duka ambaye, ukishatoka mlangoni kwake, hana tena habari na kadi yako ya kijani, ile hati ya ukaazi wa kudumu ya mtu asiye raia.

Ruhusa yenyewe si ya zamani. Tangu mwaka 1983, wakati wa utawala wa Reagan, kanuni za hifadhi za taifa zilimtaka mgeni aiweke silaha yake bila risasi, tena mahali ambapo hawezi kuichomoa upesi. Serikali ya Bush ililegeza kanuni hiyo Desemba 2008, wiki chache kabla ya kuondoka madarakani. Machi 2009 jaji wa shirikisho mjini Washington akasimamisha mabadiliko hayo, kwa hoja kwamba athari zake kwa mazingira hazikuchunguzwa. Ndipo Bunge likachomeka kifungu kuhusu bunduki katika sheria ya kadi za mkopo. Naam, kadi za mkopo; ndivyo sheria zinavyotungwa huko. Rais Obama aliitia saini Mei 2009, na kuanzia tarehe 22 Februari 2010 mtu anayeruhusiwa kuwa na silaha anaweza kuingia nayo katika hifadhi ya taifa, mradi afuate sheria ya jimbo ambalo hifadhi hiyo imo.

Shika maneno hayo ya mwisho. Hifadhi haikupi kibali chake. Inakuachia sheria ya jimbo ambalo umekanyaga ardhi yake kwa wakati huo. Yellowstone, ile hifadhi unayotaka kwenda, sehemu yake kubwa imo Wyoming, lakini ina vipande Montana na Idaho, na kutoka Minnesota hadi huko utavuka majimbo mengine kwa gari. Kibali chako cha Minnesota ni cha Minnesota. Kila jimbo huamua lenyewe vibali vya nani litavitambua, na zaidi ya nusu ya majimbo 50 siku hizi hayadai kibali kabisa kwa watu wanaotimiza masharti yake. Kuna majimbo, kama California, yasiyotambua kibali cha jimbo lingine lolote. Mkazi wa Las Vegas mwenye kibali halali cha Nevada anaweza kuendesha gari kwa muda wa saa mbili hivi hadi hifadhi ya Death Valley, upande wa California, akavuka mstari asiouona, na bastola iliyofichwa kiunoni ikawa kosa la jinai kabla hajafika kwenye kituo cha wageni.

Na hicho kituo cha wageni nacho kina sheria yake. Jengo la serikali ya shirikisho ambamo watumishi wake hufanya kazi kila siku, yaani kituo cha wageni, ofisi ya askari wa hifadhi, au chumba cha kuchukulia hati ya kulala porini, haliingiwi na silaha, hata kama jimbo zima linaruhusu. Tangazo huwa limebandikwa mlangoni, na adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Fikiria jinsi siku ya mtembeaji inavyokwenda: unaingia kuuliza hali ya njia, unaingia tena kujaza maji, unaingia msalani. Mwenye bastola ana uamuzi wa kufanya kila mara, na gari lililoachwa kwenye maegesho ya mwanzo wa njia ndilo ambalo wezi hulipenda. Tena, kuruhusiwa kuibeba si kuruhusiwa kuifyatua. Kufyatua risasi hifadhini bado ni marufuku, isipokuwa kule ambako uwindaji umeruhusiwa mahsusi, na anayedai kwamba alijitetea atayatoa maelezo hayo kwa wapelelezi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuza duka hakukwambia. Wewe si raia bado. Una kadi ya kijani, na sheria ya shirikisho haikuzuii kumiliki bastola. Minnesota nayo humpa kibali mkazi wa kudumu kama inavyompa raia. Hadi hapo uko sawa na jirani yako aliyezaliwa huko. Tofauti huanza mnapokosea. Jirani yako akikutwa upande usio wake wa mpaka na bastola iliyofichwa, atalipa faini, pengine atafungwa kifungo kifupi au atapoteza kibali, kisha ataendelea na maisha. Sheria ya uhamiaji inasema kwamba mgeni aliyetiwa hatiani, baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kumiliki, kubeba au kutumia silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Sheria yoyote: ya shirikisho au ya jimbo, kubwa au ndogo. Kosa ambalo hakimu wa wilaya anaona ni dogo kiasi cha kukushauri ukiri uende zako, kwako ni tiketi ya kurudi Kilimanjaro ukiwa umefungwa pingu. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa mshtakiwa asiye raia ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri kosa. Ukipata wakili asiyeligusa suala hilo, ligusie wewe. Na usidhani kwamba ruhusa iliyoandikwa kwa ajili ya raia inakuhusu na wewe kwa sababu tu unalipa kodi kama wao. Soma kifungu chenyewe katika tovuti ya jimbo, usisome muhtasari wa mtu.

Yupo pia rafiki yako mtakayesafiri naye, yule wa viza ya mwanafunzi. Huyu asiiguse. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, ila kwa vighairi vichache kama vile leseni halali ya uwindaji, na adhabu inaweza kufika miaka 15 gerezani. Anayemkabidhi huku akijua hali yake anabeba kosa lake mwenyewe. Kijana mmoja kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyekuwa ameondolewa chuoni huko Florida na hivyo kupoteza hadhi ya viza yake, alikwenda tu kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, na kesi yake ikapanda hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2019 iliamua kwamba serikali ilipaswa kuthibitisha kuwa alijua hadhi yake imekwisha. Alipata nafuu hiyo baada ya miaka ya mahakamani. Kwa hiyo ile kauli ya porini, "Nishikie kidogo nipige picha," isitoke kinywani mwako. Sheria ni msumeno, na katika jambo hili meno yake yote yameelekea upande wetu.

Nisilizunguke na hili la rangi. Julai 2016, katika kitongoji cha Falcon Heights, karibu kabisa na unapoishi, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa kwenye gari. Alikuwa raia, alikuwa na kibali halali, na alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akafa, na mwaka uliofuata askari yule akaachiwa na mahakama. Majimbo mengine yanamtaka mwenye silaha aseme mwenyewe mara tu anaposimamishwa. Minnesota inamtaka aseme akiulizwa. Lazima ujue kila jimbo linadai nini, kisha ujue pia kwamba kutimiza linachodai hakukuhakikishii kitu. Askari wa hifadhi wengi ni watu waungwana, nami sina kisa cha kuwasingizia. Lakini mtu mweusi mwenye bastola kifuani, akiwa peke yake kwenye njia ya msituni, huonwa na wengi kabla hajaonwa na dubu.

Na dubu ndiye uliyemtaja kuwa sababu ya yote haya, kwa hiyo tumzungumze. Eneo la Yellowstone na milima inayolizunguka linakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 1,000. Anapokimbia hufikia kilomita 56 kwa saa, yaani kama mita 15 kwa sekunde. Akitokea kichakani mita 30 kutoka ulipo, una sekunde mbili za kuchomoa, kulenga na kufyatua ukiwa na mkoba wa kilo 15 mgongoni na moyo umepanda kooni. Watafiti wakiongozwa na Tom Smith, na Stephen Herrero akiwa miongoni mwao, walikusanya kumbukumbu za matukio ya watu kukabiliana na dubu huko Alaska. Mwaka 2008 walichapisha habari za dawa ya pilipili inayopulizwa kutoka kwenye kopo: katika matukio 83 ya kati ya mwaka 1985 na 2006, dawa ilimzuia dubu wa kahawia kwa zaidi ya asilimia 90, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo katika makabiliano ya karibu hawakuumia. Mwaka 2012 wakachapisha ya silaha, matukio 269 kuanzia mwaka 1883 hadi 2009. Bastola ilifanikiwa kwa asilimia 84, ambayo si haba, na imeipita hata bunduki ndefu. Lakini walipowalinganisha watu waliofyatua na wale waliokuwa na silaha wasiitumie, hawakuona tofauti katika viwango vya kuumia.

Wapo wanaosema kwamba matokeo hayo mawili hayawekwi kwenye mizani moja, kwa sababu dawa ilitumika mara nyingi kwa dubu waliokuja kwa udadisi tu, ilhali visa vya bunduki huripotiwa zaidi mambo yanapokuwa yameharibika. Hoja hiyo ina uzito, nami sikufichi. Hata hivyo mimi nachagua dawa. Kopo hutoa wingu, na wingu halidai shabaha; ukikosea, umemwasha mwenzako macho, hujamuua. Dubu naye huondoka akiwa hai, wala hageuki kuwa mnyama aliyejeruhiwa anayemsubiri mtembeaji mwingine. Mwaka 2010, miezi michache baada ya sheria mpya kuanza, mtembeaji katika hifadhi ya Denali, huko Alaska, alimpiga dubu aliyewatokea kichakani kwa risasi tisa hivi. Dubu alirudi kichakani, na eneo lile likafungwa hadi askari wa hifadhi walipohakikisha kwamba amekufa. Bastola ilifanya kazi yake siku ile. Hesabu mwenyewe zile risasi tisa, uangalie kama yako inabeba ngapi.

Tena dubu si wa kwanza katika orodha ya hofu unazopaswa kuwa nazo. Tangu Yellowstone ianzishwe mwaka 1872, waliouawa na dubu ndani yake ni watu 8. Waliokufa maji ni zaidi ya 100, na zaidi ya 20 wameungua hadi kufa katika chemchemi za maji moto. Mnyama anayejeruhi wageni wengi kuliko wote ni baisani, yule nyati wa Marekani, na karibu kila mara ni kwa sababu mtu alimsogelea apige picha. Hifadhi inakutaka ukae mita 91 mbali na dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 mbali na wanyama wengine. Tembeeni watatu au zaidi, mpige kelele kwenye vichaka na kwenye kona, chakula kifungiwe mbali na hema.

Najua utaniambia kwamba kwetu Arusha hakuna anayepanda Mlima Meru bila bunduki mbele yake. Ni kweli, askari wa hifadhi hutangulia na bunduki kwa ajili ya nyati. Ila bunduki ile ni moja kwa kundi zima, imo mikononi mwa mtu aliyefunzwa, anayemjua nyati kwa kumsikia, na ndiye atakayeitolea hesabu kazini kwake jioni.

Ukiamua kuichukua, sikukatazi. Wewe ni mtu mzima. Itafutie ala inayofunika kifyatulio na isiyogombana na mkanda wa mkoba, maana wengi huishia kuizika ndani ya begi, ambako haina faida. Ala ya kifuani inaonekana, ya begini imefichwa, na majimbo huyatofautisha mambo hayo mawili. Nunua kisanduku cha chuma chenye waya wa kufungia kwenye kiti cha gari. Katika jimbo usilolijua sheria yake, itoe risasi na uifungie kwenye buti. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda msafiri anayepita namna hiyo, mradi kule anakotoka na kule anakokwenda anaruhusiwa kuwa nayo. Ardhi za makabila asilia zina sheria zao. Mkifika hifadhi ya Glacier, huko Montana, mkatamani kuvuka hadi hifadhi jirani ya Waterton, kumbuka kwamba upande wa pili ni Kanada, na bastola haivuki.

Mimi nitawakuta Bozeman, mji wa Montana ulio karibu na Yellowstone, nikija kwa ndege kutoka Seattle. Shirika la ndege lingeikubali bastola kwenye mzigo wa chini, ikiwa haina risasi, imefungiwa kwenye kasha gumu na kutangazwa kaunta. Dawa ya dubu halipokei kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo. Kwa hiyo ninyi mnaokuja kwa gari ninunulieni kopo langu huko huko, lisipungue gramu 225, nami nitarudisha pesa tukionana. Mwulize na yule mwenzako wa chuo kama analo lake.

Mjomba wako.