Chuo kikikosea aadhibiwe mwenye chuo, si mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba vyuo vikuu binafsi ni biashara kama duka la nguo, na kinachokufa na kife. Mimi ni mhasibu mstaafu. Miaka yangu ya mwisho ya ajira niliimalizia nikiwa bursa wa chuo kikuu binafsi, nje ya mkoa huu wetu wa Tanga. Jina lake silitaji, maana hakipo tena na baadhi ya waliokianzisha wameshatangulia mbele ya haki. Kazi yangu ilikuwa kupokea ada na kutoa mishahara, kwa hiyo ninayoyaleta hapa ni ya hesabu zaidi kuliko ya siasa.

Nianze kwa kumpa ndugu yangu haki yake. Wapo watu walioanzisha vyuo kwa kukodi ghorofa mbili juu ya maduka, wakajaza maktaba kwa vitabu vya msaada ambavyo waliovitoa walikuwa wanavitupa. Wapo wahadhiri waliokuwa wa kudumu katika vyuo vitatu kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe nimeandaa malipo ya mwalimu ambaye sura yake niliiona siku za ukaguzi tu. Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22, haikuamka tu asubuhi ikaamua kuonea watu. Ukaguzi ulikuwa umefanyika, na mengi yaliyosemwa na wakaguzi yalikuwa kweli. Baadhi ya vyuo vilijirekebisha vikarudishiwa ruhusa.

Ugomvi wangu ni na aina yenyewe ya adhabu. Kumzuia mwenye chuo asidahili mwaka mmoja kunaonekana adhabu laini, kama kumwambia pumzika kidogo ujipange. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha bursa anajua kuwa si laini hata kidogo.

Chukua chuo cha mfano chenye wanafunzi 600 wa shahada ya miaka mitatu, 200 kila mwaka, ada shilingi milioni moja na laki mbili kwa kichwa. Kwa mwaka kinaingiza milioni 720. Sasa kizuie kudahili mwaka huu. Wanabaki 400, mapato yanashuka hadi milioni 480. Mwakani unakifungulia, na tuseme 200 wamekuja wote. Je, kimepona? Hapana, kwa sababu sasa hakina mwaka wa pili. Mapato ni milioni 480 tena. Mwaka unaofuata pengo limehamia mwaka wa tatu, na fedha ni zile zile 480. Zuio la mwaka mmoja limekula milioni 240 mara tatu, yaani milioni 720, mapato ya mwaka mzima.

Na hapo nimedhani kwamba waombaji watarudi kama zamani. Hawarudi. Mzazi gani atampeleka mwanawe kwenye chuo ambacho mwaka jana kilitajwa redioni?

Upande wa matumizi hakuna kinachopumzika. Kodi ya mishahara inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kuwe na mwaka wa pili au kusiwe. NSSF nao wanadai michango yao. Ada inaingia kwa mafungu mawili ya muhula, na sehemu yake kubwa inatoka Bodi ya Mikopo, ambayo nayo huleta kwa ratiba yake. Mwanafunzi mwenye mkopo asiposaini kuthibitisha malipo, ada yake haiji. Nimewahi kuzunguka mabwenini jioni nikitafuta vijana waje kusaini ada, wakati kwa bumu, ile posho ya chakula na malazi, walijipanga foleni kabla ya alfajiri. Sasa mkaguzi amesema chuo kiajiri wahadhiri wenye sifa na kinunue vifaa vya maabara. Ni sawa. Lakini agizo hilo limekuja pamoja na kukatwa theluthi ya mapato kwa miaka mitatu. Kinachotokea ni kinyume cha alichotaka mkaguzi: wa kwanza kuondoka ni wahadhiri wazuri, kwa sababu ndio wenye mahali pa kwenda.

Ndivyo chuo chetu kilivyokwisha. Hakikufungwa siku moja. Mishahara ilichelewa mwezi, ikawa miwili, msajili akapata kazi kwingine, na siku barua ya mwisho ilipofika hapakuwa na mengi ya kufunga.

Wanafunzi waligawanywa kwenye vyuo vingine. Kwenye karatasi zoezi lilikamilika. Kijana mmoja wa Pangani, aliyekuwa mwaka wa tatu wa ualimu, alipelekwa chuo ambacho hakikuyatambua baadhi ya masomo aliyofaulu kwetu, akayarudia akiwa darasani na watoto wa mwaka wa pili. Mkopo wake ulibaki umesajiliwa chuo cha zamani muhula mzima, hivyo akala kwa wenzake. Alimaliza, namshukuru Mungu, na anafundisha. Lakini yeye alikosa nini? Hakuajiri wahadhiri wasio na sifa, wala hakukodi ghorofa juu ya maduka. Alifaulu kidato cha sita, akachagua chuo kutoka kwenye kitabu cha mwongozo ambacho TCU yenyewe ilikichapa.

Askari wa usalama barabarani akikuta basi la Tanga kwenda Dar halina breki pale Segera, analizuia, na anafanya vema. Lakini abiria hawaachwi na mizigo yao kando ya barabara. Mwenye basi analazimishwa kuwatafutia gari lingine au kuwarudishia nauli, na askari anasimama hapo mpaka wapande. Vyuo vikuu vyetu vina askari mzuri wa kukamata. Hiyo kazi ya pili haina mwenyewe.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha mpya kutoka Hazina. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu, wa umma na wa binafsi, hulipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya TCU, ile inayoandikwa kwenye fomu ya ada kuwa ni ya udhibiti wa ubora. Wazazi wengi huilipa bila kuuliza. Zitengwe shilingi 5,000 tu katika hiyo ziingie kwenye mfuko wa dhamana. Kwa kila wanafunzi laki moja, hiyo ni milioni 500 kwa mwaka. Mfuko huo ukae miaka ya raha bila kuguswa, na siku chuo kinapozuiwa au kinapokufa, ulipie kitu kimoja: kuwamalizia masomo waliomo ndani. Walipwe wahadhiri wa masomo yaliyobaki, hata ikibidi kuazima kutoka chuo jirani, mpaka darasa la mwisho lihitimu. Mwenye chuo adaiwe baadaye, majengo yake yakiwa rehani. Huyo ndiye wa kubanwa.

Tena kabla ya kumpa mtu leseni, aweke amana benki inayotosha mishahara ya mwaka mmoja. Nasikia wenzangu wenye vyuo watanikasirikia kwa hili. Wanikasirikie. Mtu asiyeweza kuweka mishahara ya mwaka mmoja hana chuo, ana matumaini.

Na kumbukumbu. Hili limenikaa rohoni kuliko mengine, labda kwa sababu mpaka leo simu yangu hulia. Waliohitimu kwetu wanaomba transkripti, wanaomba kuthibitishiwa cheti kwa mwajiri, na hawajui wamwendee nani, basi wanamtafuta mama wa ada. Mimi sina la kuwapa zaidi ya ushauri. Ingekuwa kanuni kwamba kila mwisho wa mwaka chuo kinawasilisha matokeo yote TCU na nakala inahifadhiwa huko, binti aliyemaliza na shahada yake asingehitaji kumtafuta mstaafu Chumbageni. 

Najua swali litakalofuata: kwa nini fedha za umma, au hata usumbufu wa umma, uende kwa taasisi ya mtu binafsi au ya dini? Swali hili linanishangaza likiulizwa na mtu wa Tanga. Nenda Muheza. Kwa miaka mingi hospitali waliyoitegemea watu wa wilaya ile ilikuwa ya Kanisa Anglikana, na Serikali ilikubaliana nalo iwe hospitali teule ya wilaya, ikachangia watumishi na uendeshaji. Mpaka leo watu wanaiita Teule tu. Mwislamu wa Mkanyageni na Mkristo wa Magila walipanga foleni moja, na sikumbuki kumsikia mtu akisema Kanisa linakula hela ya Serikali. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, hospitali za makanisa, ni habari hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa, na vyuo vikuu binafsi vimezitumia kufundishia madaktari wanaotutibu. Morogoro nako, Serikali ya awamu ya tatu ilitoa majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO yakawa Chuo Kikuu cha Waislamu. Kwa hiyo njia tunazijua. Hatujazitumia tu kwa mpango, tumezitumia kwa hisani ya kiongozi wa wakati huo.

Wakati huohuo fedha za elimu ya juu zipo na zinaonekana. Mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga kampasi za vyuo vya umma mikoani, na sisi tumepata ya Mzumbe kule Gombero, wilayani Mkinga. Nimefurahi, sina kijicho. Lakini mkopo ule utalipwa kwa kodi ya sote, na wanaosoma vyuo binafsi ni watoto wa walipakodi walewale. Sidai wajengewe. Nadai wasiachwe njia panda.

Mtu asije akadhani nataka tuige Kenya moja kwa moja. Kuanzia 2016 Serikali yao ilipeleka wanafunzi vyuo binafsi na kuahidi kuwalipia. Malipo yakachelewa, deni likafika mabilioni ya shilingi zao, na mfumo mpya wa mwaka 2023 ukaondoa ufadhili huo kwa wanaoingia vyuo binafsi, wakaachiwa mikopo. Vyuo vilivyokuwa vimeshaongeza madarasa kwa kuamini ahadi vilibaki na madarasa. Ndiyo maana nasisitiza mfuko mdogo ambao fedha yake imeshakusanywa, badala ya ahadi kubwa.

Kuhusu zuio la udahili, liendelee kuwepo kwa chuo kinachodanganya: kinachoghushi orodha ya wahadhiri au kuuza matokeo. Hicho hata kufungwa kifungwe, mradi darasa lililomo limaliziwe. Kwa chuo kilichopungukiwa wahadhiri katika fani moja, punguza idadi ya wanaodahiliwa katika fani hiyo, kiwekee msimamizi wa fedha kutoka nje, kipe tarehe ya kujirekebisha. Mwondoe hata Makamu Mkuu wa Chuo ikibidi. Kuna hatua nyingi kati ya barua ya onyo na kukata theluthi ya mapato.

Msimu wa udahili vijana wa mtaani kwetu huniletea simu zao niwasaidie kuchagua, dirisha la kwanza, likipita dirisha la pili. Wazazi wao wana swali moja: chuo hiki kina mkopo? Mkopo upo, nawaambia, Bodi inakopesha wa binafsi pia. Hakuna anayeuliza kikizuiwa katikati itakuwaje, na hata akiuliza, kwenye mwongozo hakuna ukurasa wa kumfungulia. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo lilizinduliwa Dodoma Februari 2025, na sera mpya huja na kazi ya kurekebisha sheria na kanuni. Sheria ya Vyuo Vikuu ni ya 2005, imezeeka kuliko baadhi ya wanafunzi inaowahusu. Wabunge wetu wa mkoa huu, kuanzia Lushoto mpaka Mkinga, wakikaa kwenye marekebisho hayo waombe ukurasa huo uandikwe, na uanze kutumika kabla chuo kingine hakijapelekewa barua.

Mhasibu mstaafu,
Chumbageni, Tanga
(Jina limehifadhiwa)