Selimundu: tiba ya seli isije kwetu mwishoni

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako.

Mi ni mama wa binti wa miaka tisa mwenye selimundu. Tangu isikike habari ya tiba ya kurekebisha seli, kila wiki lazima mtu anitumie WhatsApp, dawa imepatikana! Nimeshazisoma sana, usiku mtoto akiwa amelala.

Binti yangu alizaliwa mzima kabisa, kwenye miezi sita hivi ndo vidole vikaanza kuvimba, analia usiku kucha, mara tunaambiwa meno yanaota mara mchango. Kumbe mtoto mchanga anakuwa bado na hemoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) ya tangu tumboni mwa mama, na hiyo haipindishi seli kama mundu, sasa akishazaliwa kuna jeni inaitwa BCL11A inaizima taratibu. Wanachofanya wataalamu ni kutoa seli mama za damu, yaani zile zinazozalisha damu, za mgonjwa mwenyewe, wanazipeleka maabara, kwa CRISPR, yaani kama mkasi wa kukata jeni, wanaikata swichi ya hiyo BCL11A, wanamrudishia, na mwili unaanza tena kutengeneza hemoglobini ya uchanga. Yaani ile miezi sita ya binti yangu inarudi. Nilipoelewa hapo nililia.

Hiyo dawa ni Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba hiyohiyo, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Bei yake Marekani dola milioni 2.2. Ila hata tungepewa bure, kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa anapigwa kemo ya kusafisha uboho, analazwa wiki kadhaa, na anaweza kukosa uzazi kabisa. Hayo kwenye meseji za WhatsApp hayapo.

Kuna watafiti wanatafuta njia ya kurekebisha seli zikiwa humohumo mwilini, kwa sindano, bila kemo, na mimi naona hiyo ndo ya kwetu. Tanzania wanakadiria watoto 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, halafu tusubiri kuletewa? Muhimbili wanaujua huu ugonjwa miaka mingi, Benjamin Mkapa pale Dodoma wameshapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, wataalamu tunao. Waingizwe kwenye majaribio tangu mwanzo.

Na mkikutana na waziri wa afya naomba mumuulize pia kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu, maana mwezi uliopita nimezunguka maduka manne ndo nikaipata.

Mama Rehema,
Morogoro