Huzuni mara nne, miwani mara moja

Shoga yangu,

Najua huwa unapita hapa kusoma, kwa hiyo jina lako silitaji. Mwaka wa pili huu hupokei simu zangu, na kwenye kikundi chetu cha kusoma, kile kiti chako cha dirishani hakuna aliyethubutu kukikalia.

Wewe ndiye uliyetufundisha kusoma, usikatae. Tulikuja pale na mazoea ya kusimuliana tu, nani kafa, nani kaolewa. Ukasema hayo aulize msomaji; anayetaka kuandika aulize mwenzake kafanyaje. Kitabu tukawa tunakisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Ukatupa kazi ya kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko wetu, ili mkono ujue sentensi inapumulia wapi. Wewe ulikuwa unahesabu vitenzi kwa vidole, midomo ikicheza. Tulikucheka, kisha tukaenda kuhesabu vyetu.

Jioni ile tulikuwa na Kusadikika, ile ya Shaaban Robert ya 1951. Uliuliza swali zuri mno: inakuwaje mtu asimame kizimbani karibu kitabu kizima na sisi tusichoke? Tukaona jinsi visa vya wale wajumbe sita vinavyotutoa barazani, na kila tukirudi, shingo ya Karama, yule mshtakiwa, iko palepale hatarini. Laiti tungeishia hapo.

Ukagawa karatasi mbilimbili zisizo na jina. "Semeni mnachoona." Na sheria uliitunga mwenyewe: kazi zetu hatuleti, tunasoma za waliokwisha kuchapishwa. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikasema mwandishi huyu kamtangulia msomaji kulia. Nikasema, neno huzuni lipo mara nne katika ukurasa mmoja, na miwani ya marehemu iliyofungwa uzi mweusi ipo mara moja tu. Afute huzuni zote nne, atuachie miwani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikanogewa. Nikafuta na aya ya mwisho, yote, huku nikiisoma kwa sauti.

Ulikusanya karatasi zako kimya, ukasahau moja mkononi mwangu. Usiku ukanitumia neno moja: Majivuno.

Liliniuma. Waziri Majivuno alimshtaki Karama, sawa, lakini Karama alijitetea. Wewe hukufungua mdomo. Ungesema "ni yangu" ningenyamaza papo hapo. Na nilichosema ni kweli, hata leo nakisimamia. Ulitaka nikudanganye? Si wewe uliyeniambia mbele ya wote kwamba wahusika wangu wanazungumza kama barua za ofisini? Nililia njia nzima, nikafika, nikaandika upya.

Ila hili niliseme, limenikaa rohoni. Nilijua. Nilipofika kwenye uzi mweusi nilijua ni mama. Uzi ule niliufunga mimi, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, wewe ukiwa safarini. Niliuzungusha mara saba kwenye bawaba ya kushoto, nikakata kwa meno, akavaa, akanitazama, akasema, "Haya, sasa nakuona." Miezi yote ile nilikuwa pale. Halafu naukuta uzi umeuandika, na mkono ulioufunga haumo. Hasira ikanipanda, nami nikaiita ufundi.

Nisamehe kwa ile aya. Haikuwa mbaya. Na ungenieleza mapema kwamba umeanza kumwandika mama, tungekaa wawili tukaipitia, si mbele ya watu. Kwa zile huzuni nne sijabadili mawazo.

Wiki iliyopita nimekaa nikaunakili ule ukurasa ulionibakia, kwa mwandiko wangu, polepole, kama ulivyotufundisha. Nikafika kwenye miwani. Umeandika kwamba asubuhi ile ilikuwa juu ya kitabu kilichofunuliwa katikati, vioo vikitazama mlangoni. Siku ile niliipita bila kuiona, macho yangu yalikuwa kwenye uzi. Ni wewe uliyeiweka hivyo, au uliikuta?

Na alikuwa amefika ukurasa gani?