Tusinunue Diski za Kumbukumbu kwa Kuangalia Bei

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyevihimiza majuzi vikundi vya maulidi na vya kina mama wa huku pwani vihamishe kaseti zao za zamani kwenye CD, "aina yoyote, mradi ziwe mpya." Kuhusu kuhamisha sina ubishi naye. Ni hayo maneno "aina yoyote" yaliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa sisi nyumbani kwetu Mkomani tuliyafuata mwaka 2007, na hasara yake tunaihesabu hadi leo.

Mwaka huo tulikusanya kaseti za marehemu nyanya yetu, zenye nyimbo za vugo na mashairi aliyoyasoma kwa sauti yake mwenyewe, tukampelekea fundi mmoja azihamishe. Alitumia diski za kununua kwa wingi, zile zinazopangwa kwenye kijiti bila makasha, na juu ya kila moja akaandika kwa bic jina la harusi na mwaka. Tukazitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko tukauweka kidakani, tukaona amana imefika. Mwezi uliopita nilipozitoa, kompyuta ilisoma nne tu kati ya kumi na mbili. Moja niliiinua mbele ya dirisha, na mwanga wa asubuhi ukapenya ukingoni kwa vitundu vidogo vidogo kama vya chujio; na pale fundi alipokandamiza kalamu, utando wa fedha ulikuwa umebanduka kwa umbo lile lile la herufi aliyoiandika. Bahati yetu ni kwamba mama alikataa kata kata kaseti zenyewe zisitupwe.

Wengi wetu tunauchunga sana upande wa chini wa CD, ule unaong'aa, na upande wa juu tunauandika, tunaubandika karatasi na kuuburuza mezani. Mambo ni kinyume. Diski ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki iliyo upande wa chini. Maandishi yenyewe, yaani sauti tuliyoihifadhi, yamo kwenye rangi iliyopakwa juu ya plastiki hiyo. Juu ya rangi pana utando mwembamba wa fedha unaorudisha mwanga, na juu ya fedha pana vanishi tu. Mkwaruzo wa chini mara nyingi husafishika, lakini wa juu ukishaifikia fedha, umekwisha kuchukua na maandishi. DVD ina nafuu kidogo kwa hili, kwa sababu imetengenezwa kwa sahani mbili za plastiki zilizogandishwa pamoja na maandishi yamekaa katikati, ingawa unyevu bado unaweza kupenyea ukingoni penye gundi.

Na unyevu ndio adui wetu hasa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 kuhusu utunzaji wa CD na DVD, ilishauri diski za kumbukumbu zikae kwenye joto lisilozidi nyuzi 20 na unyevu usiozidi asilimia 50. Hapa Lamu, hata kusi inapovuma mwezi wa Julai, hatufiki huko bila kiyoyozi. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anaweza kuponea na diski ambayo kwetu itakufa mapema, na ndiyo maana ushauri wa "aina yoyote" unatuumiza sisi zaidi.

Basi tununue nini? Jina lililochapishwa kwenye kasha halitoshi, kwa kuwa kampuni moja huweza kuuza diski za viwanda tofauti chini ya jina lile lile. Taiyo Yuden ya Japani, iliyosifiwa sana na watu wa kazi hii, ilifunga biashara yake ya diski mwaka 2015. Linaloamua ni utando uliomo ndani. Diski zinazofutika na kuandikwa upya, zenye herufi RW, tusiziguse kabisa kwa kumbukumbu. Katika CD, zenye utando wa dhahabu zinaaminika zaidi kwa sababu dhahabu haishiki kutu, ila ni ghali na adimu. Katika Blu-ray, diski za kizazi kilichofuata DVD, zile za kuandikwa mara moja, za kawaida hazitumii rangi ya asili ya kikaboni, bali madini ambayo mwanga hauyaharibu kwa urahisi. Lakini kasha likiwa na herufi LTH, hiyo ni ya rangi, irudishe. Zipo pia M-DISC, ambazo waliozibuni wanadai zitadumu miaka 1,000. Hiyo elfu namwachia muuzaji, mimi miaka hamsini inanitosha, lakini utando wake wa madini ndio ninaouamini kwa hewa yetu ya chumvi. Anayetaka za DVD ahakikishe kwanza kwamba mashine yake ya kuchomea, yaani ya kuandikia diski, inazikubali. Zikishachomwa, mashine za kawaida za DVD huzisoma.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na diski wakati kuna flashi. Flashi ya mpwa wangu ilifutwa yote na virusi vya kompyuta kwa mchana mmoja, ilhali diski iliyochomwa mara moja haifutiki kwa virusi wala kwa mkono wa mtoto. Kweli ni kwamba kompyuta mpya nyingi haziji tena na mahali pa kutilia diski, na Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kuandikia mwezi wa Februari 2025, kwa hiyo anayeweka diski aweke na mashine ya kuzisomea. Sisi safari hii tumechoma nakala mbili, za viwanda viwili tofauti. Moja iko hapa ndani ya kasha lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na ya pili iko kwa shangazi Mombasa. Majina tumeyaandika kwenye karatasi ya kasha, na kila baada ya Ramadhani tunazifungua zote kwenye kompyuta kuona kama zinasomeka.

Kwa wauza vifaa wa hapa mjini nina ombi moja. Diski tupu wasizipange dirishani pa duka zikapigwa na jua kutwa, kwa kuwa ile rangi huanza kuharibika kabla mteja hajaifikisha nyumbani.

Msomaji wako,
Mkomani, Lamu