Mkono wa Idd kutoka Tanga

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani, mlio karibu na mlio mbali.

Nawapa mkono wa Idd. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu za Arafa, awatakabalie mahujaji wetu hija zao na awarudishe salama.

Takbira za mfungo tatu, mwezi wa Hija, zikianza, wengi humkumbuka Nabii Ibrahim. Mimi moyo wangu hukimbilia kwa mkewe, Bi Hajra. Yuko bondeni Makka, hakuna mtu wala maji, ana mtoto mchanga, mfuko wa tende na kiriba cha maji, na mumewe ndiye huyo anaondoka. Akamfuata nyuma akimwuliza, hajibiwi. Mwisho akasema: ni Mwenyezi Mungu aliyekuamrisha? Naam. Basi hatatupoteza. Akarudi kwa mwanawe. Sababu hakuambiwa.

Kisha maji yakaisha. Na yuleyule aliyesema hatapotezwa ndiye aliyekwenda mbio mara saba baina ya Safa na Marwa, karibu mita 450 kila mkondo, huku mtoto analia kwa kiu. Tawakali yake ilikuwa na jasho. Wala maji hayakutokea Safa alikopanda, wala Marwa alikochungulia. Zamzam ilibubujika pale pale alipomlaza mtoto.

Mama yangu alikuwa aende Hija mwaka 2020. Aliweka fedha za vitumbua miaka 13. Ikaja korona, mwaka ule wakahiji wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na 2021 ikawa hivyo hivyo. Mwaka 2022 milango ilipofunguliwa tena kwa wageni, mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sanduku lake tumelikuta limepangwa: baibui jeupe, makobazi ambayo hayajaguswa na vumbi, na daftari dogo la majina 41 ya watu waliomwomba akawaombee dua Arafa. Mbele ya kila jina kaandika haja ya mtu. Mtoto. Kesi ya shamba. Macho. Jina moja halina haja, kaandika tu "anajua Mungu".

Kwa nini Mola hakumfikisha, sijui. Wanazuoni wanatuambia mwenye nia ya kweli huandikiwa malipo yake, na hilo nalishika kwa mikono miwili. Lakini swali bado ninalo, na huwa nasujudu nalo.

Jana jioni, jua la Arafa likizama, nimekaa kibarazani na daftari nikayasoma majina yote 41, mmoja mmoja na haja yake, mpaka adhana ya magharibi. Nikafungua kwa tende na maji. Kama wewe ni mmoja wao, dua yako imeombwa.

Leo pilau iko motoni na nyama ya udhia inagawiwa. Aliye na nafasi apite nyumbani, hata bila ya taarifa.

Idd Mubarak. Minal aidina wal faizina.