St. Petersburg, Petrograd, Leningrad: andikeni jina la mwaka husika

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile makala yenu ya Jumapili kuhusu mji wa St. Petersburg imenikera mpaka nimeshindwa kunyamaza. Eti Tsar (mfalme wa Urusi) Peter aliuita mji kwa jina lake mwenyewe, wakomunisti wakalifuta wakaweka Leningrad, halafu 1991 wananchi wote wakalirudisha kwa shangwe. Petrograd hamkuitaja kabisa.

Peter alianza kujenga pale 1703 na mji akaupa jina la Mtume Petro, mtakatifu wake. Vita na Wajerumani vilipoanza 1914, serikali ya Tsar Nicholas wa Pili ikaona jina limekaa Kijerumani mno, ikaweka Petrograd. Kwa hiyo la kwanza lilitupwa na Tsar, wakomunisti hawajashika hata madaraka. Lenin, kiongozi wa wakomunisti, kafariki 21 Januari 1924, siku tano baadaye mji ukawa Leningrad. Na kura ya Juni 1991 waliotaka jina la zamani walikuwa kama asilimia 54 tu, na mkoa unaouzunguka mji mpaka leo unaitwa Leningrad. Hao wananchi wote mmewatoa wapi?

Lakini kilichoniuma zaidi ni pale mlipoandika kwamba Hitler aliizingira St. Petersburg 1941. Mimi nimesoma pale miaka ya themanini, na mwalimu wetu wa Kirusi alikuwa mama mtu mzima, akimaliza kula mkate anaokota chembe zote mezani kwa ncha ya kidole, moja moja, anazitia mdomoni, na darasa zima hakuna aliyewahi kucheka kwa sababu tulishajua alikuwa mtoto mle ndani wakati wa mzingiro, siku 872, na kuna kipindi mgao ulishuka hadi gramu 125 za mkate kwa siku kwa watoto na wengine wasiokuwa vibarua wa viwandani, na mkate wenyewe nusu siyo unga. Mama yake yuko Piskaryovskoye kwenye makaburi ya pamoja, jiwe limechongwa mwaka tu, 1942, jina la mtu hakuna. Waliokufa pale walikufa Leningrad, waliolinda mji walipewa medali ya Leningrad, sasa nyie mnakaa ofisini mnawabadilishia mji waliofia, kwa ruhusa ya nani?

Na haya mambo yana madhara, msidhani ni ubishi wa wazee. Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kuhakiki cheti changu cha masomo kilichoandikwa Leningrad, kile kijitabu cha bluu chenye gamba gumu na mhuri wa mviringo. Kijana wa dirishani akakigeuza geuza, akapekua kwenye mashine, akaniambia, "Mzee wangu, huu mji kwenye kompyuta haupo." Nikamweleza vizuri tu, mwanangu, ni St. Petersburg ya sasa. Akasema basi nilete barua ya kuthibitisha kwamba miji hiyo miwili ni mmoja. Watu nyuma yangu kwenye foleni wananiangalia kama nimeghushi. Huyo kijana simlaumu sana, angejulia wapi wakati magazeti yenyewe ndiyo haya?

Halafu na picha! Makala ya St. Petersburg mmeiwekea kanisa la Mtakatifu Basil lenye makuba ya rangi rangi, ambalo liko Moscow, zaidi ya kilomita 600 kutoka pale. Mto Neva unaopita mjini pale hamkuuona? Kila habari ya Urusi ni kanisa hilo hilo, hata iwe ya ngano.

Naomba hivi. Bandikeni karatasi kwenye meza ya habari za kimataifa: jina la mji ni lile la mwaka wa tukio, na la sasa liwekwe kwenye mabano mara moja tu. Mapinduzi ya 1917, Petrograd. Putin kazaliwa 1952, Leningrad. Vita vya 1942 kule Volga, Stalingrad, maana jina la Volgograd limekuja 1961. Na masahihisho ya makala hii yatoke Jumapili, ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, msiyafiche chini ya matangazo ya viwanja.

Msomaji wenu,
Tanga